Notburga Atoka Jikoni

Ilikuwa mwezi wa saba. Huku milimani Mbinga ukungu ulishuka alfajiri na kukaa hadi saa nne. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kwenye matawi, na kila nyumba ilikuwa shambani. Notburga alikuwa jikoni. Amejifunika blanketi, amekaa kwenye kigoda, anatazama moto.

Hakuwa na homa. Zahanati walimpima malaria, hawakuiona. Lakini kila mwaka baridi ikiingia, moyo wake ulikuwa mzito. Alisinzia mchana kutwa. Aliacha kwaya. Mwaka huu hata kuchuma kahawa hakutaka, yeye aliyezoea kujaza kikapu kabla ya wote.

Familia ilimpenda, kwa hiyo ilimpumzisha. Mumewe Wendelin aliziba dirisha la jikoni kwa gunia ili baridi isiingie. Mama mkwe, Bibi Restituta, alimletea ugali palepale motoni. Kwa Wamatengo, ndugu wa ukoo hukutana kula pamoja kwa mzee wao. Kula huko pamoja huitwa sengu. Notburga alisamehewa hata sengu.

"Mgonjwa asisumbuliwe," alisema Bibi.

Notburga akazidi kunyong'onyea.

Siku moja Wendelin alisema, "Nimempigia dada yako Siwema. Baada ya wiki tatu atakuja kukuchukua. Ukakae naye Kihagara, ziwani, kwenye joto, mpaka mwezi wa tisa."

Machozi yalimtoka Notburga. Hakutaka kuacha nyumba yake wala kahawa yake. Lakini hakuwa na nguvu ya kubisha.

Asubuhi iliyofuata alikuja jirani yao Herieth, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila usiongee sana. Mgonjwa yumo."

Herieth aliingia akipapasa ukuta. "Jamani! Humu mmefukia ndizi?"

Notburga alitabasamu kidogo. Bibi hakutabasamu.

Herieth alikaa karibu yake. "Dada, nikuulize bila kuficha. Unawaza kufa?"

"Hapana. Nawaza kulala tu."

"Ungewaza hivyo, tungekwenda kwa daktari leo hii. Huzuni nayo ni ugonjwa, ina matibabu. Sasa sikilizeni. Ndizi huiva gizani, mtu huoza. Mwili unataka mwanga wa asubuhi. Bila mwanga, usingizi unavurugika na moyo unalemewa. Mtu akikaa peke yake bila kazi, analemewa zaidi."

"Nje kuna ukungu na baridi!" alisema Wendelin.

"Avae sweta, shemeji. Mwanga unapita kwenye ukungu."

Bibi alikunja uso. "Unataka nimtume mgonjwa kazi? Watu watasema mimi ni mkwe wa namna gani?"

"Watasema umemponya, Bibi. Mpe kazi ndogo. Achambue kahawa pale kichanjani inapoanikwa, pamoja na wengine. Ale sengu. Asilale mchana. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nitampeleka zahanati mwenyewe."

"Mimi nasali kila siku," Notburga alisema kwa sauti ndogo.

"Sali, dada. Halafu inuka. Mungu ameliweka jua nje."

Wendelin alisimama, akalivuta gunia dirishani. Mwanga uliingia. Wote wakaona jinsi kuta zilivyokuwa nyeusi kwa moshi.

Siku ya kwanza Notburga alikaa kichanjani dakika kumi, akarudi ndani. Siku ya pili alilia huku anachambua. Bibi Restituta alisogea karibu naye, akaendelea kuchambua, hakumfukuza aende kulala. Jioni alimshika mkono, wakaenda sengu pamoja.

Siku ya sita Notburga alisimama ghafla.

"Wendelin! Nani amechambua upande huu?"

"Mimi, mama."

"Na punje hizi mbovu umemwachia nani? Macho yako yako wapi?"

Wendelin alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu mwezi wa sita hakuwa amekaripiwa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi Notburga alitoka mwenyewe. Usingizi wa usiku ulirudi. Wiki ya pili alichukua kikapu, akaingia shambani.

Siku iliyopangwa, Siwema alifika kutoka Kihagara na furushi la dagaa. Meno yalimgongana. Aliingia moja kwa moja jikoni, akakumbatia moto.

"Mgonjwa wangu yuko wapi?" aliuliza.

"Nani mgonjwa?" Sauti ilitoka nje, kubwa. "Siwema! Toka humo! Njoo huku, vaa sweta, uchambue kahawa!"

Siwema alichungulia dirishani. Dada yake alikuwa amesimama kichanjani, kilemba kimekaa upande, anaamrisha watu. Miguuni pake lilikuwa gunia lililoziba dirisha. Sasa lilikuwa limejaa kahawa.

"Shemeji," Siwema alimwambia Wendelin, "huyu ndiye uliyesema hawezi kusimama?"

"Mchukue, basi," Wendelin alijibu.

"Thubutu!" alisema Bibi Restituta. "Huyu haendi popote."

Jumapili walikwenda kanisani wote. Ukungu ulikuwa bado mzito njiani. Kwaya iliposimama, Notburga alisimama mbele, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo.