Chiriku na Muswada wa Masikio

Ukipita nje ya nyumba ya fundi sufuria, ungedhani watu wanagombana. Mke alikuwa akipaza sauti. Watoto walikuwa wakipaza sauti. Hata kuombana chumvi kulikuwa kwa kelele. Wageni walisimama mlangoni wakijiuliza kama waingie kuamua ugomvi au warudi kwao.

Hakukuwa na ugomvi. Nyumba ile ilikuwa na mapenzi tele. Ni kwamba baba mwenye nyumba hakusikia vizuri, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kulisema jambo hilo. Yeye mwenyewe aliwalaumu wengine.

"Watu wa siku hizi mnanong'ona tu," alisema. "Mnaongea na kola za mashati yenu!"

Banda lake la kazi lilikuwa mtaa wa pili, chini ya paa la bati, pamoja na mafundi wengine. Sufuria huanza kama duara la bati. Hupigwa nyundo, huzungushwa, hupigwa tena, mpaka ipate tumbo. Kazi hiyo ilifanyika pale asubuhi mpaka jioni, nyundo juu ya nyundo. Fundi akitaka kumwambia mwenzake neno, alitumia mikono.

Binti yake mkubwa alikuwa sekondari. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alipenda sana kumpelekea baba yake chakula bandani. Siku moja alipofika, lori lilikuwa linarudi nyuma karibu na banda. Dereva alipiga honi. Watu wote walisogea isipokuwa baba yake, aliyekuwa ameinama kwenye njia ya lori akiokota vipande vya bati. Chiriku alitupa chakula, akamvuta baba yake shati kwa nguvu zake zote. Vifungo vilikatika, lakini baba alitoka.

"Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu!" baba alisema, akacheka. Mafundi wenzake wakacheka naye. Chiriku hakucheka. Aliokota vifungo chini. Alijiuliza, siku ambayo yeye yuko shuleni, nani atavuta shati?

Wiki hiyohiyo mwalimu wa uraia aliingia darasani na habari mpya.

"Tutafanya bunge letu," alisema. "Kila mmoja afikirie sheria moja ambayo angependa nchi nzima iifuate. Lakini sikilizeni vizuri. Mtakachoandika si sheria. Ni muswada. Muswada ni pendekezo la sheria. Unasomwa, unajadiliwa, unarekebishwa, kisha unapigiwa kura. Kwenye bunge la kweli, ukipita hupelekwa kwa kiongozi wa nchi autie saini. Hapo ndipo unakuwa sheria."

Mwanafunzi mmoja alileta muswada wa kufuta mitihani yote. Ulishangiliwa sana. Kisha mwenzake akamuuliza, "Na daktari wa kukupasua tumbo tutampataje?" Muswada ukafa palepale.

Chiriku yeye aliandika hivi: "Kila mtu anayefanya kazi yenye kelele lazima azibe masikio wakati wote wa kazi. Asiyeziba atatozwa faini."

Jioni aliusoma muswada wake nyumbani, kwa sauti ya nyumba yao. Baba yake aliacha kula.

"Faini? Nitozwe mimi?"

"Sheria ni msumeno, baba. Hukata mbele na nyuma."

"Na huu wako umeanza na mguu wa baba yako! Mama Chiriku, umesikia mwanao?"

"Nimesikia," mama alijibu. "Nani katika mtaa huu hajasikia?"

Baba aliinuka, akaleta sufuria mbili. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Aligonga ya kwanza kwa kidole. Ililia sauti ndefu, safi. Aligonga ya pili. Ilitoa sauti fupi, kavu.

"Ya kwanza ni nzima," alisema. "Ya pili ina ufa. Macho hayauoni. Mama wa watu ataugundua mchuzi ukishamwagikia moto. Mimi huugundua kwa sikio, nikiliweka karibu hivi. Sasa wewe unaniambia nizibe masikio wakati wote. Nitajuaje?"

Chiriku aligonga zote mbili, akasikia tofauti. Lakini ubishi nao ni maradhi. "Ndivyo nilivyoandika," alisema, akaenda kulala amenuna.

Kesho yake alimweleza mwalimu. "Baba anaupinga muswada wangu."

"Kabla ya kuuandika, ulimuuliza fundi yeyote?"

"Hapana."

"Basi umemshonea mtu nguo bila kumpima. Usishangae ikimbana." Mwalimu alivuta kiti. "Bunge lina kamati, Chiriku. Kamati ni wabunge wachache wanaouchambua muswada kwa makini. Kazi yao mojawapo ni kuwaita watu ambao sheria itawagusa, ili watoe maoni yao. Mwite baba yako aje."

"Atauua muswada wangu, mwalimu!"

"Au ataunyoosha. Hatujui. Ndiyo maana tunauliza."

Siku ya kamati ilifika. Madawati yalipangwa pande mbili, yakitazamana. Msichana mmoja mrefu alikuwa mwenyekiti. Alijitanda kitambaa cha meza mabegani, akakaa kwa maringo kama mtu aliyezaliwa nacho. Baba Chiriku aliingia na lile shati lake lililokatika vifungo. Sasa lilikuwa na vifungo vipya, na lilikuwa limepigwa pasi.

Alizungumza vizuri. Sauti yake kubwa ilijaza darasa. Alieleza habari ya sufuria nzima na sufuria yenye ufa. Aligonga sufuria, wanafunzi wakanyamaza kusikiliza.

"Mkiniziba masikio, mmeniziba macho," alimaliza. "Huu muswada umeandikwa na mtu asiyejua nyundo. Nampenda, lakini hajui nyundo."

Walipiga makofi. Chiriku aliinamisha kichwa. Aliona muswada wake umekwisha.

Kisha mwanafunzi mmoja mpole wa dawati la nyuma aliinua mkono. Alikuwa na sauti ndogo. "Fundi," aliuliza, "wewe mwenyewe bado unasikia vizuri?"

Baba Chiriku aliendelea kutabasamu. Aliwatazama wanafunzi, huku na huku, akisubiri maswali.

"Fundi, umeulizwa swali," mwenyekiti alisema.

Baba alimgeukia, bado anatabasamu. "Hakuna maswali? Basi nimewaeleza vya kutosha."

Wanafunzi walitazamana. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alianza kuuliza swali tena kwa sauti kubwa, kisha akaacha. Tabasamu la baba lilianza kupungua. Alijua sasa kwamba kuna kitu kimempita, na hakujua ni nini.

Chiriku angeweza kusema, "Mnaona? Nimeshinda!" Neno hilo lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alimwona baba yake akishika kifungo cha shati lake, peke yake mbele ya watu wote, na moyo ukamuuma. Aliinuka. Alikwenda mpaka mbele, akamgusa baba bega, akasimama mahali ambapo baba angeuona uso wake. Hakupiga kelele.

"Baba, wanauliza kama wewe bado unasikia vizuri."

Baba alimtazama.

"Hapana," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Sisikii vizuri. Ni siku nyingi sasa. Hata sufuria, zamani nilikuwa nikizisikia nimesimama. Siku hizi mpaka niziweke sikioni." Akashika tena kifungo. "Na lile lori sikulisikia. Nilicheka kwa sababu niliogopa."

Mwalimu alileta kiti, lakini baba alikataa kukaa.

"Huu muswada msiutupe," aliwaambia. "Urekebisheni. Andikeni hivi. Nyundo ikiwa inapiga, masikio yazibwe. Nyundo ikilala, yafunguliwe, fundi asikilize kazi yake."

"Na hivyo vizibo vya masikio atanunua nani?" aliuliza yule aliyetaka kufuta mitihani.

Hapo mjadala ukawaka. Wengine walisema anunue fundi mwenyewe, masikio ni yake. Chiriku alisema, "Kelele ni ya kazi, na kazi ina mwenyewe. Mwenye banda anunue." Wengine waliuliza kuhusu faini. Mpole wa dawati la nyuma alisema kwamba mtu hafai kuadhibiwa kwa jambo ambalo hajafundishwa. Basi wakaandika kwamba mafunzo yatangulie, na faini imfuate mwenye banda asiyetoa vizibo.

Baada ya hapo muswada ulisomwa mbele ya bunge zima la shule. Wabunge waliutazama kifungu kwa kifungu, wakapiga kura. Wengi walisema ndiyo. Waliosema siyo walikuwa wachache, na mmoja wao alisema siyo kwa uchungu wa mitihani yake.

"Mwalimu, kwa hiyo sasa ni sheria?" Chiriku aliuliza.

"Hapana. Bunge letu ni la kujifunzia. Halimfungi mtu. Lakini mwananchi yeyote anaweza kumpelekea mbunge wake maoni. Andikeni pendekezo lenu vizuri, tulipeleke. Linaweza kuchukua muda mrefu. Linaweza kukataliwa. Mkikataliwa, mtauliza kwa nini."

Wanafunzi waliandika, wakapeleka. Baba Chiriku hakungoja jibu. "Bandani kwangu mimi ndiye mbunge na kiongozi wa nchi," alisema. Alikwenda hospitali na mkewe. Daktari wa masikio alimpima, akamweleza bila kuficha.

"Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, fundi. Lakini uliobaki tunaweza kuulinda. Ziba masikio kila nyundo inapopiga. Pumzisha masikio mbali na kelele. Na wenzako nao waje kupimwa kabla hawajafika hapa ulipo wewe."

Kisha akamgeukia mama. "Nyumbani msipige kelele. Mguseni kwanza. Simameni mbele yake auone mdomo. Semeni polepole."

Bandani, alipoanza kuvaa vizibo, mafundi walimcheka siku za kwanza. Walimwita Bwana Pamba. Aliwajibu kwa mikono, kama ilivyo desturi ya pale, na jibu lenyewe haliandikiki. Lakini mmoja alijaribu vizibo, akarudi nyumbani bila mlio wa nyundo kichwani. Akamwambia mwenzake. Taratibu wote wakavaa. Nyundo ikilala, huvivua, na kila mtu hugonga sufuria yake na kusikiliza.

Jioni moja jirani wa mlango wa pili alibisha hodi. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Jamani, kuna usalama humu? Siku hizi siwasikii kabisa. Mmenuniana?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Alimkaribisha akae.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Chiriku alimgusa bega, akakaa mbele yake. Kulikuwa na swali alilokuwa amelibeba tangu siku ile.

"Baba, lile lori likija tena, na mimi nipo shuleni, utalisikia?"

Zamani baba angefanya mzaha. Safari hii hakufanya.

"Huenda nisilisikie," alisema. "Ndiyo maana nimewaambia mafundi wote ukweli wangu. Likija lori, yeyote aliye karibu anivute shati." Alishika kola yake, akaivuta kwa nguvu kumwonyesha. "Na mama yako nimemwomba vifungo avishone kwa uzi mnene."