Mama Mkwe wa Meza ya Mwisho

Winfred, mhudumu, alikuwa amesema bustanini hakuna mteja. Lakini Muema, akiwa jikoni, alisikia kijiko kikikoroga kikombe. Alichungulia dirishani. Kwenye meza ya mwisho, kando ya maua ya waridi, aliona leso ya kahawia na viatu vya plastiki vya bluu, akainamisha macho haraka.

Alikuwa mama mkwe tena, kama jana na juzi.

Kwa Wakamba, mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni. Heshima hiyo huitwa nthoni, na anayeivunja hulipa mbuzi, kisha aibu humfuata mpaka kwenye harusi za watu wengine. Muema alikuwa mwoka skonzi, kijana wa kisasa, lakini kwa nthoni hakuwa na mchezo. Miaka mitatu ya ndoa, alimjua mkwewe kwa leso, viatu na sauti tu.

Nyumba ya mkahawa huo ilijengwa na mzungu fulani enzi za Malkia Victoria. Ilifungwa miaka mingi, ikafunguliwa, na sasa watu wa Machakos walikuja kunywa chai barazani na kupiga picha. Lakini mkwe alitaka nini hapa, kila siku saa kumi, bila salamu? Muema alijua. Alikuwa amekuja kumchunguza.

"Wini, yule mama umempelekea chai?"

"Mama gani? Hiyo meza haina mtu."

Hakumwamini. Winfred na Wayua, mke wa Muema, walisali kanisa moja, na bila shaka walikuwa wamepanga njama.

Jioni alimuuliza Wayua. "Mama yuko Kibwezi, anavuna ndengu," alijibu, bila hata kuinua macho kutoka kwa mtoto. Naye Muema hakumwamini.

Jumamosi Wayua alikuja kazini kwa Muema na mtoto wao Mwende, wa miezi mitatu. Alimlaza kwenye benchi la jikoni, akaenda msalani. Kijiko kikaanza kukoroga. Kisha kikanyamaza, na viatu vya bluu vikasimama mlangoni.

"Nipatie mjukuu wangu nimshike."

Sauti ilikuwa ile ile, ya kukwaruza. Muema angekataaje? Alimbeba mtoto, akanyoosha mikono huku ametazama sakafu, na alipohisi vidole vingine vikishika shali, vidole baridi visivyo na haraka, ikamjia harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita, na nyuma yake mkewe, aliyerudi kutoka msalani, akasema polepole, "Baba Mwende, unampatia nani mtoto? Mama huyu hapa kwa simu."

"Nisalimie mkwe wangu," simu ikasema, kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

 Wayua na mama yake walikuwa wanamchezea Muema? Kama huyu wa mlangoni ndiye mkwe wa kweli, kumtazama kungemwaibisha maisha yake yote. Kama siye, alikuwa anampa mtoto wake. Vidole vilivuta. Akainua macho, kutoka kwenye viatu hadi kwenye leso, kutoka kwenye leso hadi shingoni, na juu ya shingo hakukuwa na uso, ila ngozi tupu, laini kama unga uliokandwa, kwa sababu jini lile lilijua tangu mwanzo kwamba hatatazama, na halikujisumbua kutengeneza uso. Na sasa kwa kuwa limetazamwa, lilianza kuutengeneza, likaanza na macho, na macho yalikuwa madogo, na yalikuwa ya Mwende.

Alimvuta mtoto kwa nguvu zake zote, akamkumbatia, uso wa mtoto ukiwa umefunikwa kwa shali. Mlangoni hakukuwa na mtu.

Mwende hakulia.

"Mwangalie kama ameumia," Wayua alinong'ona.

  Muema alimkabidhi mtoto bila kumtazama. "Mwangalie wewe."

Wayua alifunua shali. Pale pa macho palikuwa na ngozi tupu, laini kama unga uliokandwa.

"Wayua?" mama yake aliita kwenye simu. "Wayua? Mbona umenyamaza?"