Birika la Bi Kidawa

Kila Jumamosi asubuhi Mwanapili alikuwa na kazi mbili: kufagia ukumbi na kumpelekea uji Bi Kidawa, mshona kofia wa kichochoro cha pili pale mtaani Malindi. Jumamosi hii alikwenda mbio mbio. Jioni yake chama cha wasichana kingetaja vikosi vya kwenda kambi ya Bububu, na yeye, na miaka yake kumi na miwili, ndiye kiongozi wa kikosi cha wasichana sita.

Alimkuta bibi amejifunika shuka mbili, anatetemeka.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Homa, mwanangu. Leo siku ya pili."

Mwanapili alikwenda uani kumchotea maji. Lo! Birika zima la saruji limejaa viluwiluwi vya mbu. Siku ya Alhamisi kikosi chake kilitumwa kukagua mabirika ya nyumba kumi. Tisa walizikagua kweli. Hii ya kumi waliipita kwa kunyata, maana Bi Kidawa macho yamefifia, na msichana akiingia tu huwekwa chini amtungie uzi kwenye sindano mpaka magharibi. Basi Mwanapili akaandika "safi" bila ya kuchungulia. Na Jumatatu, mafuta ya kuulia viluwiluwi yangepelekwa kwenye nyumba zilizoandikwa "chafu" tu.

"Nitalifuta neno hilo kabla karatasi haijafika mbali," alijisemea, akatoka mbio kwa Bi Time, mwalimu aliyeongoza kundi la vikosi vyote vya Malindi. Alimkuta anapeta mchele.

"Karatasi? Nshampa Bi Wanu wa wilaya tangu jana. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bi."

Huo ukawa uwongo wa pili. Mbio tena mpaka Mwembetanga, jasho linamtoka. Bi Wanu alikuwa kwenye cherehani yake. Viongozi wote wa chama walijitolea tu, kila mmoja ana kazi yake ya kumpa riziki.

"Nimezikusanya za makundi yote, nimezipeleka mkoani, kwa Bi Badriya wa Vuga," alisema. "Mbona unahema hivyo?"

Mwanapili alishaondoka. Kila alipofika, neno lake lilikuwa limeshapanda juu zaidi, nalo lilikuwa la uwongo.

Bi Badriya, muuguzi, ndiyo kwanza arudi kutoka kazini. Karatasi zilikuwa mbele yake. Mwanapili alijitaja jina na mtaa.

"Wewe ndiye Mwanapili? Nyumba kumi, zote mmezikagua. Bububu mnakwenda."

Mwanapili alitamani kunyamaza. Kambi hiyo aliiota mwaka mzima, na wenzake vile vile. Lakini kila akimeza mate, alimwona Bi Kidawa chini ya zile shuka mbili.

"Si zote, Bi. Ya Bi Kidawa nimeandika uwongo. Birika lina viluwiluwi, na mwenyewe ana homa."

Bi Badriya hakugomba. Alikata neno "safi", akaandika "chafu", kisha akalikata jina la kikosi kwenye orodha ya Bububu. Akachukua mkoba wake wa dawa.

"Twende kwa mgonjwa."

Njiani ndipo aliposema. "Unadhani mkoa ni mkubwa, unaona kila kitu. Mimi sijaingia hata nyumba moja ya Malindi. Namwamini Bi Wanu, Bi Wanu anamwamini Bi Time, na Bi Time anakuamini wewe. Sote huku juu tunaona kwa macho yako, mwanangu. Ukiandika usichokiona, umetufumba macho sote."

Mwanapili alilia njia nzima.

Siku ya kambi, wasichana sita walikuwa uani kwa Bi Kidawa wanasugua birika. Watano walinuna, lakini walisugua. Bibi alikuwa ameshapona, amekaa na kofia yake mapajani.

"Mwanapili," aliita.

"Naam."

"Njoo unitungie uzi."

Mwanapili alinawa mikono, akaenda akakaa. Aliondoka magharibi.