Kikombe Kilichowekwa Chini

Kilizidi kikombe kimoja. Mutlaq alikiona mwishoni mwa benchi la mawe, nyuma ya watalii, kimewekwa chini na kahawa yake haijaguswa. Hakukumbuka kukijaza.

Ukumbi ule wa chini ya ngome, ulioshukiwa kwa ngazi za mawe, ulikuwa na giza hata adhuhuri. Ndipo alipozoea kuwaketisha wageni kutoka Amman, akiwanywesha kahawa ya iliki na kuwapa kisa kilichomlisha miaka yote: jinsi Wafaranga wa Ulaya walivyovuka bahari wakajenga kuta zile kwa mawe na chokaa, na bwana wao mmoja akamfungia humo binti wa bondeni. Wazee wa kijana aliyempenda walipanda kumwomba bwana huyo amwachie, wakaweka vikombe chini bila kunywa, kama afanyavyo kila mwenye haja, hadi mwenyeji aseme, kunywa, ulichojia umekipata. Yule bwana hakuijua mila. Alidhani wamemdharau, akawarusha kutoka ukutani.

"Ami, enzi hizo kahawa ilikuwa haijafika huku," kijana mmoja alimchokoza.

"Basi yalikuwa maziwa. Kwani wewe ulikuwepo?"

Wakacheka. Mutlaq, akitaka kicheko kingine, akakigeukia kile kikombe, akakiinamia kwa heshima.

"Kunywa, mzee. Ulichojia umekipata."

Walipoondoka alikikuta kikavu, baridi kama jiwe la kisima, kinanuka chokaa mbichi.

Harufu ile ilimtangulia nyumbani. Ilishika mapazia, ikashika mkate, ikashika nywele za Nawfa, bintiye wa pekee, ambaye Ijumaa hiyo wazee wa kijana aitwaye Rakan walikuwa waje kumposa. Usiku huo alimkuta amesimama nyuma ya mlango, sikio ubaoni, anatabasamu.

"Unaongea na nani, mama?"

"Kuna mtu nje, baba. Anasema umeshamjibu."

Mutlaq alifungua. Ua ulikuwa mtupu, ila vumbi la chokaa kizingitini. Ndipo alipotambua kosa lake, maana hata mtoto wa bondeni anajua kwamba mgeni huulizwa haja yake kwanza, kisha ndipo anapoambiwa anywe, na yeye alikuwa amekubali jambo asilolijua.

Aliitwa shehe. Alisoma hadi sauti ikamkauka, na Nawfa alikaa mbele yake, mikono mapajani, kama bibi harusi. Mwisho kinywa chake kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, iliyojaa changarawe.

"Niliomba kwa adabu. Nikajibiwa kwa adabu."

Shehe alifunga msahafu, akatafuta viatu vyake. Mutlaq alimshika joho, akamsihi asiondoke.

"Mimi hufukuza mwizi, Mutlaq," alinong'ona shehe. "Huyu si mwizi. Huyu ni mkwe wako."

Ijumaa baada ya sala wazee wa Rakan walifika, jua bado kali uani, na Mutlaq hakuwaambia neno, kwa kuwa alijishawishi kwamba neno jipya, likisemwa mbele ya mashahidi, litalifuta la zamani. Baba yake Rakan alipokea kikombe, akakiweka chini. Mutlaq hakusubiri hata salamu zikamilike.

"Kunywa, ndugu yangu. Ulichojia umekipata."

Mzee alikiinua, akakitazama ndani, akakipindua. Halikudondoka tone. Wenzake wakainua vyao kimoja kimoja, vyote vikavu, vyote baridi.

"Mutlaq," mzee aliuliza polepole, "nani ametutangulia hapa?"

Kabla hajajibu, chumbani mwa Nawfa kigelegele kilipaa, kimoja, kirefu, cha furaha, na nyuma yake zikasikika nyayo za watu wengi wakishuka ngazi za mawe, chini, na chini zaidi, na harufu ya chokaa ikajaa nyumba nzima, nyumba ambayo tangu ijengwe haijawahi kuwa na ngazi.