Shwaaa Katikati ya Migomba

Jioni ile nilitoka kwenda kufunga maji ya shamba. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, zamu yetu imeisha, na hapa Mitunguu ukichelewesha maji ya jirani, matusi yatakufuata hadi kanisani.

Simu ilikuwa mkononi. Winrose, mwalimu mwenzangu, alikuwa amenitumia picha za loji ya Lesotho, kule milimani ambako theluji huanguka katikati ya mwaka. Likizo ya Agosti ilikuwa karibu. Tulikuwa tumeshanunua glavu za mtumba sokoni Meru, na tumeshapata mtu wa kutufundisha kuteleza kwa skii, zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni.

"Theluji Afrika?" watu walicheka. "Na wewe ni mjane!"

Ndiyo, mimi ni mjane. Mume wangu, Nyamu, alikuwa mpagazi wa watalii Mlima Kenya. Theluji ilimfunika miaka mitatu iliyopita, na mwili wake haukupatikana. Ndiyo maana nilitaka kwenda. Niikanyage hiyo theluji. Niicheke.

Mama mkwe wangu, Kanini, ninayeishi naye, alikuwa hajanisemesha siku nne kwa sababu ya safari hiyo.

Nikafunga bomba. Maji yakatulia. Kimya.

Halafu...

Shwaaa.

Nikadhani maji bado yanapita. Nikakaza tena.

Shwaaa... shwaaa...

Nilikuwa nimetazama video za kutosha kuijua sauti hiyo. Ni skii zikiteleza juu ya theluji. Lakini ilitoka katikati ya migomba, kwenye joto la Mitunguu.

Baridi ikanipanda kutoka miguuni. Harufu ya sufu iliyoloa ikanijaa puani. Pumzi yangu ikatoka nyeupe.

Kati ya migomba miwili alisimama mtu. Mrefu. Kofia ya sufu ilikuwa imemfunika uso hadi kidevuni, kama zile wanazovaa wapagazi.

"Gatwiri..." alinong'ona. "Usiende."

Kimo kilikuwa chake. Hata lile bega la kushoto lililoinama kwa kubeba mizigo.

"Nyamu?"

"Usiende. Kule ni kwetu."

Kwetu? Hasira ikanipanda ghafla. Miaka mitatu nimemlilia. Miaka mitatu naota akibisha mlango. Leo anakuja kunipa amri?

"Kama ni wewe, niambie," nikasema. "Nyumbani ulikuwa unaniitaje?"

"Sema hilo jina!"

Akasogea. Hakuinua mguu.

Shwaaa.

Nilitaka kukimbia. Lakini nikaona nikikimbia leo, nitakimbia maisha yangu yote. Nikapiga hatua moja mbele.

"Nitaenda! Nitateleza huko mpaka nichoke. Toka kwa shamba langu!"

Mabega yake yakatikisika, kama mtu anayecheka bila sauti. Kisha hapakuwa na mtu.

Nilimkuta mama mkwe jikoni. Aliponiona tu, mwiko ukamtoka mkononi.

"Amekuja?"

"Nani, Mama?"

Akaanza kulia. "Nilienda kwa mganga, huko mbele ya mji wa Kiritiri. Nikampa shati la Nyamu, amwite akuzuie. Theluji ilishachukua mmoja, Gatwiri. Ningebaki na nani?"

Nilimshika mikono. Sikuweza kumkasirikia. Nikaitisha namba ya huyo mganga, nikampigia mwenyewe, Mama akisikiliza kando yangu.

"Mwambie huyo mama aje achukue shati lake," mzee alisema kwa uchovu. "Nimemwita mwanawe tangu juzi. Amekataa kuja."

Tukaangaliana.

"Basi yule..." Mama alinong'ona.

Asubuhi tulikuta majani ya migomba yameungua, meusi, kama yaliyochomwa na baridi kali, kwa mistari miwili iliyonyooka hadi chini ya dirisha langu. Afisa wa kilimo alisema ni ugonjwa. Nilimwacha aseme. Niliikata migomba hiyo kwa panga, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, watu wakiniangalia.

Mimi na Winrose tunaondoka Ijumaa. Mama amenifumia soksi nzito, na kila usiku tunaomba pamoja. Sijui ni nani anayetungoja huko, wala anatumia umbo la mume wangu kwa sababu gani.

Jioni bado naenda kufunga maji. Bado naisikia ile sauti nyuma yangu... kila siku karibu kidogo kuliko jana.

Sigeuki. Nakaza bomba, narudi nyumbani.

Natembea. Sikimbii.