Dole Gumba la Fundi Cherehani

Alama ya kwanza ilikuwa kwenye glasi ya maji, mezani, saa sita mchana: dole gumba la wino wa bluu, lenye kovu lililokatiza mistari yake kama mshono. Bwana Mipango aliifuta kwa leso, akamlaumu mkewe. Kulaumu ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa bidii.

Kovu lenyewe alilijua. Dada yake, fundi cherehani aliyemlea na kumsomesha, aliwahi kutobolewa dole gumba na sindano hadi ukuchani. Dada huyo alikuwa na bima ya maisha, na mnufaika aliyemwandika, yaani mtu wa kulipwa mafao yeye akifa, alikuwa bintiye wa miaka kumi. Alipofariki, mumewe akiwa bado anahangaikia kaburi, Mipango alimpa mlinzi wa chumba cha maiti hela ya soda, akaingia na kidau cha wino na fomu ya kubadili mnufaika. Akaandika jina lake mwenyewe na tarehe ya wiki iliyopita. Kisha akakishika kile kidole cha baridi, akakibonyeza kwenye karatasi kama mtu anayegonga muhuri.

Msibani alilia kuliko wote.

Baada ya glasi ikafuata kioo cha bafuni. Halafu mkate, kila kipande na alama yake, hata alichokikata sasa hivi. Nyumba ikaanza kunuka dawa ya maiti, na nyuma ya ukuta wa sebule, ambako hakukuwa na chumba wala jirani, cherehani ikawa inashona mchana kutwa, taratibu, ikinyamaza alipoketi, ikianza tena alipoinuka, ikimfuata jikoni, ikimfuata chooni, hadi akawa anatembea kwa mwendo wa sindano yake bila kujua.

"Umemfanya nini wifi yangu?" mkewe alinong'ona.

"Punguza sauti. Majirani watasikia."

Mganga aliyemwendea alimweleza kwamba jini lile la cherehani halikumfuata. Alilibeba mwenyewe siku ile, mkononi. Arudishe haki ya mtoto, litamwacha. Mipango akauliza kama hakuna dawa ya bei nafuu zaidi.

Siku ya madai alifika ofisi ya bima amenyoa ndevu, na cheti cha kifo kwenye bahasha. Mume wa marehemu na bintiye walikuwa kwenye benchi.

"Shikamoo, mjomba," mtoto alisema.

"Marahaba. Pole, shemeji. Ndivyo marehemu alivyotaka."



Karani wa madai, mama wa makamo, alimsogezea kidau. "Weka dole gumba hapa, baba, nikiona."

Akabonyeza. Cherehani iliyomfuata hadi pale ikanyamaza. Karani aliitazama alama, akaitoa ile fomu ya kubadili mnufaika ambayo Mipango alikwisha kuileta, akaziweka sambamba.

"Hii ulisema ni ya marehemu?"

"Ni yake."

"Mbona ni kidole chako?"

Mipango akafungua kiganja. Dole gumba lilikuwa la kijivu, jembamba, lina kovu. Kujitetea kungemlazimu aanzie chumba cha maiti, kwa hiyo akanyamaza. Karani akaandika kwamba mabadiliko ni batili na mnufaika anabaki yule wa kwanza, akampa baba wa mtoto kalamu atie sahihi kwa niaba yake, kisha akamwita askari wa mlangoni.

Kituoni walimchukua alama za mikono yote miwili. Vidole tisa vilikuwa vyake.