Pistoni Isiyopoa

"Mama yake anaitwa nani?"

Hakuna aliyelijibu swali hilo jioni ile dukani. Si Bolti mwenye duka. Si mimi, na mimi sijawahi kuacha swali lipite mbele yangu hivihivi. Kwa hiyo bado linazunguka, na ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Ijumaa, jua likizama, mvua ikinyesha tangu adhuhuri. Jumapili kaka yangu alikuwa na mashindano ya pikipiki za vumbi, na injini ilikuwa imemfia mazoezini. Ni zile injini ndogo za kuchanganya oili kwenye petroli, zinazolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Kaka aliifungua kwenye chumba cha nyuma, katikati ya makochi mabovu. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa upande wa ekzosi kama imeparuliwa na paka.

"Wakili," aliniita. Nyumbani ndilo jina langu tangu nianze midahalo ya chuo. "Mimi mikono imejaa. Nenda kwa Bolti kabla hajafunga. Usibebe pistoni hii ukamwambia akupe kama hii, imeshalika. Tunanunua kwa kipimo cha silinda, na silinda nimeipima mwenyewe. Herufi B. Akikupa A, rudisha. Akikupa C, rudisha, halafu mtukane kwa niaba yangu."

"Kwani zinatofautiana nini?"

"Unene. Pungufu ya unywele. Lakini ikibana, ikipata moto inavimba. Injini inakamata, gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Pikipiki inasimama, mimi naendelea na safari."

Alicheka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Yeye hakucheka.

"Mwanangu," aliniambia, "usimletee ya kubana."

Bolti ni mfupi, kichwa kipana, jina hilo la utani halihitaji maelezo. Nilimkuta anafagia.

"Mdogo wangu, mtume kaka yako," alisema kabla sijamaliza kusalimia. "Hapa hatuuzi rangi ya kucha."

"Nimekuja kununua pistoni, sikuja kuchukua maoni. Herufi B. Kama herufi zinakusumbua, nipishe nisome mwenyewe."

Aliguna, akaegemeza ngazi kwenye rafu, akapanda. Nilibaki kaunta na hasira yangu. Mtu akikudharau huku anatabasamu, hasira haina pa kwenda.

"Ana kilo ngapi?"

Sauti ilitoka kwenye kona, katikati ya matairi. Ya chini. Ya upole.

Mwanamume alikuwa amekaa juu ya ndoo ya oili iliyopinduliwa. Sikuwa nimemwona nilipoingia. Alivaa buti za mbio, na buti zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Vumbi kavu. Nje barabara nzima ilikuwa tope.

Halafu harufu… Oili iliyoungua, tamutamu, inayokaa kooni. Kama pikipiki imepita sasa hivi. Hakuna iliyokuwa imepita.

"Mwenye mashine," alirudia. "Ana kilo ngapi?"

Lilikuwa swali la kifundi, na aliniuliza mimi. Hakuniambia nimtume mtu.

"Sitini na nane."

Mkononi alikuwa na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma. Alikizungusha kidogo.

Tik.

"Akingoja bendera, anakanyaga chini mguu gani?"

"Wa kushoto."

Tik.

"Akilala, analalia ubavu gani?"

Hapo ningesimama. Kwenye mdahalo ningesema swali halihusiani na hoja, na ukumbi ungepiga makofi. Lakini nilikuwa nimeanza kujibu vizuri, na alikuwa akinisikiliza kama mtu mzima anavyosikilizwa.

"Wa kulia. Mbavu za kushoto alivunjika mwaka juzi."

Tik… tik… tik.

Ndipo nikaona. Katikati ya taya za ile maikromita hamkuwa na kitu. Alikuwa akipima hewa.

Alifungua gazeti lililokunjwa mapajani. Ndani, pistoni. Inang'aa, herufi B kichwani, mshale wa kuonyesha upande wa ekzosi umechongwa vizuri. Akaiweka kaunta.

"Hii inamtosha kaka yako," alisema. "Limebaki swali moja tu. Mama yake anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo…

Sinia zima la golori, vile vitufe vya chuma vya beringi, lilianguka kutoka juu ya ngazi. Zilitawanyika sakafuni kama mvua ya mawe, zikabingirika chini ya rafu, zikaja mpaka miguuni kwangu. Nilimtazama Bolti.

Alishuka na boksi, akaliweka mbele yangu. Kwenye kona hakutazama hata mara moja.

"Dada," alinong'ona. Sasa nilikuwa dada. "Chukua ya kwenye boksi. Nenda."

"Kwa sababu gani?"

"Chukua tu."

"'Chukua tu' si sababu."

Niliziweka pistoni mbili chini ya taa. Zote B. Ya Bolti ilikuwa na vumbi, boksi limeshafunguliwa. Ya yule mtu haikuwa na doa. Nikaichukua, nikageuka kushukuru.

Ndoo ilikuwa tupu.

Baadaye nilijidanganya kwamba nilichagua chuma bora. Si kweli. Nilichagua aliyeniheshimu.

"Uliibeba kwapani?" kaka aliuliza nilipofika nyumbani. "Mbona ina joto?"

Nilikuwa nimetembea nusu saa kwenye mvua, pistoni ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Aliipima. Akaiingiza kwenye silinda, ikateleza taratibu, bila kukwama, bila kucheza. Kaka akapiga mluzi. "Wakili, hii kama imezaliwa humu."

Akaingia jikoni kuosha mikono. Nami nikaigeuza, nikamulika kwa simu upande wa ndani, pale pini inapopita.

Kulikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari.

68.

Kushoto.

Kulia.

Chini yake mstari. Ulikuwa mtupu, ukingoja kujazwa.

Ndani ya mikwaruzo mlikuwa na masizi meusi, yaliyoganda, kama ya miaka.

"Kaka, usiifunge hii."

Alirudi akijifuta. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha maandishi. Akayasugua kwa kidole gumba.

"Alama za kiwandani."

"Kiwanda gani kinaandika 'kushoto'?"

"Wewe si ndiye uliyeshinda kikombe kwa kusema uchawi ni uvivu wa kufikiri?"

"Ndiye."

"Basi nipe ringi niifunge."

Kukataa ushahidi wa macho yake nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo nilifanya jambo moja lililobaki. Niliinyakua pistoni, nikaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma pale mezani, nikakaza mpini ili niiharibu.

Robo mzunguko.

Kaka akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Akainama, mkono umeshika mbavu za kushoto.

Nikaachia mpini. Bado alikuwa ameinama, midomo inageuka rangi.

"Fungua," alinong'ona. "Fungua… polepole."

Nikafungua. Akavuta pumzi.

Asubuhi tulikwenda wote kwa Bolti. Golori nyingine zilikuwa bado ziko chini. Alitukabidhi lile boksi bila kuulizwa.

"Huja msimu wa mashindano," alisema. "Mimi simkaribishi. Hukaa pale, huuliza. Wengi hawamjibu, wana haraka. Mwaka jana mke wa yule wa pikipiki nyekundu alimjibu lile la mwisho pia. Mwanamke mwenye moyo wa kusaidia, alifurahi kuulizwa habari za mumewe." Akaokota golori moja. "Mlikuwepo uwanjani. Mliona gurudumu lilivyofunga."

Tuliona. Ilikuwa sehemu iliyonyooka, hakuna kona, hakuna jiwe.

"Mbona hukuniambia jana?" nilimuuliza.

"Ningekuambia nini, dada, ambacho usingenibishia?"

Kaka alikimbia na pistoni ya boksi. Akawa wa nne, akalalamika kwamba injini haina nguvu. Mama alimpikia, akamwambia wa nne aliyerudi mzima anamtosha.

Ile nyingine ninayo mimi. Siwezi kuivunja, siwezi kuitupa mahali mtu atakapoiokota. Nimeifunga kwa skafu ya sufu ndani ya sanduku langu, hapa chuoni. Kila nikiamka naigusa. Haijapoa. Kaka alipougua homa mwezi uliopita, ilikuwa ya moto mpaka skafu ikabadilika rangi.

Nilidhani tungeishi hivyo. Juzi mwenzangu wa chumba akaniambia nilitafutwa.

"Fundi fulani. Mpole sana. Buti zote vumbi. Ana mzigo wa mama yenu, ila amesahau jina lake."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini na silijui? Wewe kutwa Mama, Mama."

Jana aliuliza kwenye dirisha la masijala. Leo, amesema mlinzi, aliuliza getini.

Nimesoma tena niliyoandika, nikaona sijamtaja mtu hata mmoja kwa jina lake. Nimeacha vivyo hivyo. Lakini huenda wewe unayesoma unatufahamu. Huenda uliwahi kula kwetu, ukamsikia jirani akimwita mama yangu kwa jina lake dirishani.

Akikuuliza kwa upole, ukaona anakusikiliza vizuri, nakuomba, mwambie hujui.